Gari la Spoti la Zamani: Ulichukue au Uliache?

Kazi yangu ni kukagua magari kabla pesa haijatoka mfukoni mwa mnunuzi, na yanayonipa raha kuliko mengine yote ni magari ya spoti yenye umri: yale ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambayo leo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuyafikia. Karibu kila anayenipigia simu huanza na swali lile lile: "Fundi, hii bei ni nzuri?" Nami humrudishia swali: lilipokuwa jipya, gari hili liliuzwa bei gani? Maana spea hazijui wewe umelinunua kwa kiasi gani.

Uamuzi wote unaanzia hapo. Gari likizeeka, bei yake hushuka mwaka hadi mwaka, lakini bei ya spea haishuki pamoja nalo. Diski za breki, shokapu, klachi, taa ya mbele, kompyuta ya injini, vyote vinaendelea kuuzwa kwa hadhi ya gari lilivyokuwa siku linatoka kiwandani. Porsche 911 ya mwaka 1999 unaweza kuipata kwa sehemu tu ya bei yake ya awali, ila klachi yake bado ni klachi ya 911, na fundi anayejua kuifunga bado anadai ujira wa mtu anayeijua 911. Mtu anaona bei ya kununua imeshuka hadi kwenye uwezo wake, anadhani gari lote limeshuka. Kilichoshuka ni mlango wa kuingilia tu.

Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza hauhusu injini wala kutu. Ukiwa na kiasi fulani cha pesa, nunua gari zuri kabisa la daraja la chini, usinunue gari lililochoka la daraja la juu. Mazda MX-5 iliyotunzwa itakuendesha miaka. Ferrari iliyokosa sevisi itakufanya uichukie rangi nyekundu.

Litaishi vipi na wewe?

Kabla hujaenda kuangalia gari lolote, jibu maswali machache bila kujidanganya. Hili litakuwa gari lako pekee? Kama ndiyo, na kuna kazi ya kuwahi asubuhi na watoto wa kupeleka shule, liache kwa sasa. Gari la umri huu, hata lililo zima, lina wiki zake za kulala gereji likisubiri kipuri kinachosafirishwa kutoka nchi nyingine. Ukiweza kukaa mwezi mzima bila hilo gari na maisha yako yakaendelea, basi tuzungumze.

Litalala wapi? Gari lenye paa la turubai halipendi kukaa nje juani na mvuani mwaka mzima. Na nani atalitengeneza? Mtafute fundi kabla hujalitafuta gari. Nenda kwake, muulize kama aina hiyo ameshawahi kuishika, ana vifaa vyake, ana mashine inayosoma kompyuta yake. Fundi hodari wa pikapu si lazima ajue injini ya Porsche iliyolala nyuma ya ekseli ya mwisho.

Halafu kaa ndani. Watu wengi hupenda gari kwenye picha bila kujua kama wanaenea. Watu warefu wakiingia kwenye MX-5 ya kwanza magoti hugusa usukani na kipara hugusa turubai. Kaa humo nusu saa, kanyaga klachi mara nyingi, geuka utazame nyuma. Kama mgongo unalalamika gari likiwa limesimama, safari ndefu itakuwa adhabu.

Kila aina ina ugonjwa wake

Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie, kwa sababu ndipo pesa nyingi zinapookolewa. Hakuna gari la spoti la zamani lisilo na ugonjwa unaojulikana. Heri ugonjwa unaojulikana, maana unaweza kuutafuta, kuupima, na kuuliza kama umeshatibiwa.

Nianze na MX-5, kwa sababu ndiyo ninayoimiliki na ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Chicago mwaka 1989, na ile ya mwanzo ina injini ya lita 1.6 na uzito usiofika tani moja. Injini yake ni ngumu: mkanda wa taimingi, unaopatanisha mwendo wa pistoni na valvu, ukikatika kwenye hiyo 1.6, gari huzima tu, pistoni na valvu hazigongani. Adui yake ni kutu, na kutu yake inaanzia mahali pa siri. Nyuma ya viti, pale turubai linapoungana na bodi, kuna mfereji mdogo unaokusanya maji ya mvua na kuyapitisha kwenye mabomba mawili, kulia na kushoto, hadi chini, mbele kidogo ya tairi la nyuma. Majani na vumbi vikiziba mabomba hayo, maji hujaa ndani ya kingo za chini ya milango, na chuma huoza kuanzia ndani kwenda nje. Ukiona rangi imevimba mbele ya tairi la nyuma, ujue ndani pameshaliwa zamani. Mimi huenda na chupa ya maji. Namimina taratibu kwenye mfereji, kisha nachuchumaa nitazame. Maji yakitoka chini pande zote mbili, nashukuru. Yasipotoka, nachukua tochi na bisibisi, nagonga ukingo wote kwa mpini nikisikiliza: chuma kizima kina sauti kavu, kilichooza kina sauti ya kufa. Na kwa zile za mwaka 1989 hadi 1991 hivi, kuna jambo la kuongeza: ncha ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, ilikuwa fupi, na puli yake ikilegea hula ufunguo wake (kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia) na kuharibu krenki yenyewe. Washa injini, tazama puli ya chini. Ikiyumba, ondoka.

Kwa Porsche, Boxster ya kwanza na 911 iitwayo 996, zote za mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya miaka ya 2000, jina la ugonjwa ni beringi ya IMS. Ni beringi ya shafti ya kati, ile inayounganisha krenki na shafti za kamu zinazofungua valvu. Ikivunjika, vipande vya chuma huingia kwenye oili na injini nzima hunoki. Si kila gari hupatwa, lakini linalopatwa halirudi kwa gharama ndogo. Swali la kumuuliza muuzaji ni fupi: beringi imebadilishwa lini, na risiti iko wapi? Kwa kuwa giaboksi lazima lishuke ili kuifikia, mtu mwenye akili huibadilisha pamoja na klachi. Kama klachi ilibadilishwa na beringi ikaachwa, hilo nalo linakueleza habari za mwenye gari. 911 Turbo na GT3 za kipindi hicho zina injini ya asili nyingine isiyo na beringi hiyo, na bei zake zinaonyesha kwamba watu wanajua.

Porsche 944 ina mikanda miwili, wa taimingi na wa shafti za kutuliza mtetemo. Wa taimingi ukikatika, pistoni hugonga valvu, nazo hupinda. Kama hakuna karatasi inayothibitisha mikanda ilibadilishwa miaka michache iliyopita, hesabu kwamba haijabadilishwa, na usiliendeshe umbali mrefu kulipeleka nyumbani. Lipakie.

Mazda RX-7 na RX-8 ni habari ya peke yake. Hazina pistoni; zina rota za pembe tatu zinazozunguka, na kila ncha ya rota ina kizibo chembamba kinachochakaa. Injini hizi hula oili kwa makusudi, maana oili hupelekwa ndani kulainisha vizibo hivyo, basi muuzaji akikwambia "haili oili kabisa" una haki ya kushtuka. Kipima kompresheni cha kawaida, yaani kinachopima injini inabana hewa kwa nguvu kiasi gani, hakitoshi; kinahitajika cha rota, kinachosoma nyuso zote tatu za kila rota. Njia ya bure ya kuanzia ni hii: liendeshe hadi lipate moto sawasawa, lizime, subiri dakika kumi, liwashe tena. Likizungusha muda mrefu bila kushika, kompresheni imeshuka na ovahoo iko mlangoni. Ninazipenda sauti zake, na najua watu wanaozitunza vizuri. Lakini kama hujawahi kumiliki gari la zamani, usianzie hapo.

BMW M3 ya kizazi kiitwacho E46, ya 2000 hadi 2006, ina injini tamu inayofika mizunguko 8,000 kwa dakika, na ina magonjwa mawili ya kuulizia: beringi za konrodi, na nyufa kwenye sakafu ya nyuma pale fremu ya ekseli inapofungwa. Nyufa hizo huzioni ukiwa umesimama. Lazima gari lipande juu ya lifti. Kwenye Lotus Elise ya mwanzo, iliyoanza 1996 na injini ya Rover, ulizia gasketi ya silinda hedi, na kagua chesisi kwa makini, kwa sababu ni ya alumini iliyounganishwa kwa gundi, na ikiumia kwenye ajali hainyooshwi kama chuma. Honda S2000 haina ugonjwa mkubwa kihivyo, ila injini yake huzunguka hadi karibu 9,000, na mtu aliyekosea gia, akaingiza ya pili badala ya ya nne, anaweza kuwa ameshaumiza valvu bila dereva wa pili kujua. Ferrari 348 na F355 lazima injini ishushwe ili mikanda ibadilishwe. Sentensi hiyo moja inatosha kukupa picha ya gharama.

Kuhusu spea, kuna habari njema kwa baadhi ya magari ya Kijapani. Mazda ilitangaza mwaka 2017 mpango wa kufufua MX-5 za kwanza, ikatengeneza upya hata turubai lake. Mwaka huo huo Nissan ilianza kutoa tena vipuri vya Skyline GT-R ya R32, na Toyota ikafuata kwa Supra za A70 na A80. Lakini si kila kitu kinatoka. Kabla ya kununua, andika vitu kumi vinavyoharibika sana kwenye aina hiyo, tafuta kila kimoja, uone kama kinapatikana na kwa bei gani. Vinavyosumbua zaidi huwa vidogo: raba za milango, swichi za dashibodi, plastiki za taa. Gari linaweza kusimama kwa kukosa kitu ambacho hakiendeshi chochote.

Makaratasi kabla ya boneti

Omba kuona kumbukumbu za sevisi kabla hujaenda. Kuuliza si ujinga, na muuzaji aliyetunza gari hufurahi kuulizwa. Ninazisoma risiti kwa tarehe na kilomita: je, namba zinapanda kwa mpangilio? Kuna pengo la miaka mitano lisilo na chochote? Oili ilibadilishwa hata mwaka ambao gari lilitembea kidogo?

Hapo kuna jambo ambalo watu wengi hulielewa kinyume. Kilomita chache si sifa peke yake. Gari lililosimama miaka mingi huharibika kimyakimya: sili hukauka na kuanza kuvuja, mafuta ya petroli huchacha tangini, kaliba za breki hukwama, oili ya breki huvuta unyevu kutoka hewani, raba zote hupasuka. Kati ya gari lililotembea kilomita 40,000 kwa miaka ishirini na tano na lile lililotembea 150,000 likiwa na faili nene la sevisi, mimi hulikimbilia la pili.

Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyopigwa kwenye chuma. Magari yaliyouzwa nchi nyingi yana namba ya tarakimu na herufi 17; yale yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana namba fupi zaidi, hilo lisikutishe. Cha kutisha ni kibao kilichofungwa upya au namba iliyochongwa ikafunikwa rangi.

Siku ya kulikagua

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti. Injini ikiwa ya baridi, endelea. Ikiwa na moto baada ya kuomba isiwashwe, rudi siku nyingine, kwa sababu dakika ya kwanza ya injini baridi ndiyo inayosema mengi kuliko saa nzima ya barabarani.

Fungua kifuniko cha rejeta wakati huo huo wa baridi, kamwe si injini ikiwa na moto. Maji yawe safi, bila utando wa oili. Vuta kijiti cha oili. Tazama chini ya kifuniko cha kujazia oili. Ute wa rangi ya maziwa huashiria maji yamechanganyika na oili, ingawa gari linalotembea masafa mafupi tu linaweza kuwa nao kidogo bila ubaya.

Sasa mtu mwingine awashe, wewe simama nyuma ya ekzosi. Mvuke mweupe unaopotea baada ya dakika chache ni wa kawaida. Mweupe usiokwisha, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yanayoungua ndani ya silinda. Moshi wa buluu unaopuliza mara moja wakati wa kuwasha mara nyingi ni sili za valvu zilizochoka. Wa buluu unaofuata kila unapokanyaga mafuta unaelekea kwenye ringi, au kwenye tabo kama gari linayo. Sikiliza pia: mlio wa cheni unaoisha sekunde moja au mbili si sawa na mgongano wa chini unaoongezeka na mzunguko.

Bodi ikaguliwe mchana, gari likiwa kavu. Kipima unene wa rangi ni kifaa kidogo kinachojilipa siku ya kwanza. Rangi ya kiwandani mara nyingi husoma maikroni kati ya 80 na 180 hivi. Ukipata paneli moja inasoma mara mbili ya nyingine, imepigwa rangi upya. Ikisoma mamia kadhaa kwenda juu, chini yake kuna puti. Kwa Lotus na Corvette kifaa hicho na sumaku havikusaidii, bodi si ya chuma. Huko tazama mianya kati ya paneli na nyufa nyembamba za rangi.

Matairi nayaamini kama shahidi. Ubavuni kuna tarakimu nne: 2317 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Tairi linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa gumu kwa uzee, na gari la spoti kwenye tairi gumu ni hatari. Zaidi ya umri, tazama kama yanafanana. Mwenye gari aliyeweka aina nne tofauti, za bei ya chini kabisa, mahali ambapo kila mtu anaona, alifanya nini kule ndani asikoona mtu?

Barabarani omba angalau nusu saa. Giaboksi likiwa bado baridi, shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili; likikwaruza, sinkro, zile ringi zinazolainisha kuingia kwa gia, zimechoka. Ukiwa gia ya nne na mwendo mdogo, kanyaga mafuta yote: mizunguko ikipanda na mwendo ukabaki pale pale, klachi inateleza. Funga breki kwa nguvu mahali salama uone kama gari linavuta upande. Kisha liache lingurume limesimama hadi feni ijiwashe yenyewe, ukitazama geji ya joto. Gari linalochemsha huwa halichemshi mbele ya mnunuzi, kwa hiyo lipe muda.

Usimalize bila lifti na bila kupima kompresheni. Silinda zisitofautiane sana. Tofauti ya zaidi ya asilimia 15 hivi inataka maelezo. Muuzaji akikataa gari lisipimwe kwa gharama yako wewe, shukuru kwa jibu, ondoka.

Gari lililochezewa, yaani lenye tabo kubwa zaidi, springi zilizokatwa, waya zilizounganishwa kwa selotepu, mimi huliacha. Wako wanaofanya kazi hiyo kwa ustadi, na kazi yao ina risiti na inaonekana. Wengi hawako hivyo, na wewe utalipa mara mbili: kununua walichofunga, na kukitoa.

Hesabu ya mwisho

Baada ya ukaguzi nakaa na mnunuzi tunaandika. Bei ya muuzaji. Kazi zinazotakiwa sasa: mikanda, matairi, breki, vinavyovuja. Kazi zitakazotakiwa ndani ya miaka miwili: klachi, shokapu, rejeta. Bima. Mahali pa kulaza. Halafu akiba. Mimi hutaka mtu abaki na angalau robo ya bei ya kununulia pembeni, na kwa gari lililokuwa ghali sana likiwa jipya, nusu. Kama kununua gari kunamaliza pesa yote, jibu ni hapana, hata gari likiwa zuri. Gari zuri ambalo huwezi kulibadilishia matairi litakuwa gari baya mikononi mwako.

Kwenye bima, ulizia kama wanakubali kuandika thamani mnayokubaliana mapema. Bima ya kawaida hulipa thamani ya soko, na kwa gari adimu mnaweza kubishana sana baada ya ajali. Usilihesabu kama uwekezaji pia. Baadhi yamepanda bei, Supra ya A80 na Skyline ni mashahidi, lakini aliyefaidika ni yule aliyekuwa na gari safi, lisiloguswa, na uvumilivu mrefu.

Kuna na usalama. Mengi ya magari haya hayana mfumo wa kompyuta wa kuzuia gari lisiserereke, na baadhi hayana ABS (inayozuia tairi kukwama ukifunga breki kwa nguvu) wala mifuko ya hewa. Toyota MR2 yenye injini katikati, au 911 yenye injini nyuma, ukiachia mafuta ghafla ukiwa katikati ya kona, uzito hukimbilia mbele na mkia unaweza kutoka. Tenga pesa ya siku moja na mwalimu kwenye uwanja uliofungwa. Mimi huliweka hilo kwenye hesabu kama ninavyoweka matairi.

Sasa upande wa pili wa mizani, kwa sababu nisipousema nitakuwa nimewadhulumu. MX-5 yangu ni ya mwaka 1992, usukani wake hauna msaada wa haidroli. Nikiingia kona nahisi kwenye vidole vyangu tairi la mbele linavyoanza kukaza, kisha linavyoanza kuomba nafuu, na najua niongeze au nipunguze kabla gari halijaniambia kwa sauti. Gia ni fupi, inaingia kwa kiwiko tu. Kwa mwendo unaoruhusiwa kisheria napata raha ambayo gari jipya lenye nguvu mara tatu linaitafuta kwenye mwendo wa kufungwa jela. Hicho ndicho unachokinunua. Ukiliendesha mara nne tu kwa mwaka, gharama haitalipika kwa hesabu yoyote. Ukiliendesha kila wiki, ukajifunza kulisevisi mwenyewe yale madogo, oili, plagi, pedi za breki, gharama inashuka sana na mapenzi yanapanda. Kwa hiyo, kama hesabu imekubali na bado hujui, jiulize mara ngapi utaamka mapema kwa ajili yake.

Ukiamua kulichukua

Punguza bei kwa orodha ya kasoro, si kwa maneno. Muuzaji akikataa kushuka hata kwa kilichoandikwa, liache, kuna lingine.

Likifika kwako, usilikimbize kwanza. Badilisha oili ya injini na filta, oili ya giaboksi na ya difu, maji ya rejeta, na oili ya breki, hiyo ya breki kila miaka miwili. Mikanda, kama huna ushahidi. Mabomba ya petroli ya raba, hata kama yanaonekana mazima, maana yakipasuka juu ya ekzosi ya moto ni gari zima linaondoka. Matairi, kama yanakaribia miaka kumi.

Kisha liendeshe mara kwa mara na mbali kiasi cha kutosha. Geji ya maji hufika katikati mapema, lakini oili inachelewa kupata moto. Ongeza dakika kumi nyingine za mwendo wa upole baada ya geji kutulia, ndipo uipandishe injini kwenye mizunguko ya juu.